Wigo wa usonji: maana yake, na watu walioufahamisha kwa kazi zao

Usonji ni tofauti ya namna ubongo unavyokua na kufanya kazi. Mtu huzaliwa nayo na huishi nayo maisha yake yote. Hauambukizi, si laana ya ukoo, si mapepo, wala hautokani na mama kutojua kulea. Na chanjo hazihusiki: utafiti wa mwaka 1998 uliozua hofu hiyo ulihusu watoto 12 tu, jarida lililouchapisha likaufuta mwaka 2010, na daktari aliyeuongoza akanyang'anywa leseni.

Dalili zake ziko katika maeneo mawili. Kwanza mawasiliano na mahusiano: mtoto huchelewa kusema au hasemi kabisa, ishara za uso na macho hazimwingii kwa urahisi, mafumbo na utani humpita, kupokezana maneno na wenzake humchosha. Pili tabia na hisia: hushikilia utaratibu uleule, hurudia mwendo fulani kama kupunga mikono au kujitikisa, huzama katika jambo moja mpaka akalijua ndani nje, na milango yake ya fahamu hupokea sauti, mwanga, harufu au mguso kwa ukali uliopita kiasi, au kwa udhaifu uliopita kiasi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Ukichukua shule ya msingi yenye wanafunzi 1,000, hao ni wanane hivi. Wengi wao mwalimu anawaita wakaidi, wazembe au wapole mno.

Neno wigo liliongezwa kwa sababu watu hao wanane hawafanani. Mmoja anaongea bila kupumua kuhusu injini za treni, mwingine hajawahi kutamka jina la mama yake. Katika miaka ya 1970 daktari Lorna Wing, ambaye binti yake mwenyewe alikuwa na usonji, aliwachunguza watoto wa Camberwell, kusini mwa London, akishirikiana na Judith Gould. Walikuta watoto wengi ambao hawakutimiza vigezo vikali vya wakati ule lakini walikuwa na mahitaji yaleyale. Fikra ya wigo ilikua kutokana na kazi hiyo. Mwaka 2013 mwongozo wa uchunguzi wa madaktari wa akili wa Marekani uliunganisha majina yaliyokuwa yametengana, likiwamo la Asperger, walilopewa wenye usonji wasiochelewa kusema, chini ya jina moja.

Hapa ndipo watu wengi hukosea, hata wasomi. Wanadhani wigo ni ngazi: chini wenye usonji "mkali", juu wenye usonji "kidogo", na kila mtu ana daraja lake. Sivyo. Afadhali ufikirie ubao wa bao mchezo ukiwa katikati: shimo hili limejaa kete, la jirani lina moja, la tatu ni tupu. Mtu mmoja anaweza kuwa na kumbukumbu ya ajabu na asiweze kuvuka barabara peke yake. Anaweza kufundisha chuo kikuu na ashindwe kukaa sokoni dakika kumi kwa sababu ya makelele. Kipaji hakifuti uhitaji, na uhitaji haufuti kipaji. Ukilishika hilo, habari za watu wenye usonji waliofika mbali zitakufundisha kitu. Usipolishika, zitakuwa hadithi za miujiza tu.

Nianze na Temple Grandin, kwa kuwa yeye ameeleza akili yake kuliko karibu mtu mwingine yeyote. Alizaliwa Boston, Marekani, mwaka 1947. Mpaka anafikisha miaka mitatu na nusu hakuwa akisema. Ushauri wa kawaida wa zama zile ulikuwa kumpeleka mtoto kama huyo kwenye taasisi na kumwacha huko. Mama yake alikataa. Alimtafutia mwalimu wa matamshi, na mlezi aliyekaa naye saa nyingi wakicheza michezo ya kupokezana zamu.

Alipokuwa kijana alikwenda kukaa kwenye ranchi ya shangazi yake Arizona. Huko aliona ng'ombe wakibanwa ubavu kwa ubavu katika kizimba chembamba ili wachanjwe, na akagundua kwamba wengi walitulia wakishabanwa. Yeye mwenyewe alitamani mbano wa namna hiyo, maana kukumbatiwa na mtu kulimzidi nguvu hisia zake. Akajitengenezea mashine ya mbao iliyombana mwili taratibu, huku mpini wa kuiendeshea ukiwa mkononi mwake. Wakubwa wengine waliona hiyo ni dalili ya wazimu. Mwalimu wake wa sayansi alimwambia kama anaamini mashine inatuliza, basi athibitishe kisayansi. Ninamheshimu sana mwalimu huyo. Hakumpokonya mtoto kitu chake cha ajabu. Alikifanya kuwa mlango wa masomo.

Grandin alisoma mpaka shahada ya uzamivu, aliyoipata Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1989, akawa profesa wa sayansi ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado. Kazi iliyompa jina ilifanyika machinjioni na kwenye mazizi ya kunenepesha ng'ombe. Wafanyakazi walilalamika kwamba ng'ombe wanagoma kupita, na dawa yao ilikuwa kelele na fimbo za umeme. Yeye aliingia ndani ya njia yenyewe, akapita anakopita ng'ombe, macho yakiwa usawa wa macho ya ng'ombe. Akaona wanachokiona: mnyororo unaoning'inia na kutikisika, koti la mtu lililotundikwa kwenye uzio, kivuli kilichokata sakafu, mmeremeto wa maji yaliyotuama. Ondoa koti, na ng'ombe wanapita. Akachora njia zilizopinda, zenye kuta zilizozibwa, kwa sababu ng'ombe hupenda kuzunguka na kurudi walikotoka. Karibu nusu ya ng'ombe wa Marekani na Kanada walikuja kupitishwa katika vifaa alivyovibuni.

Kwa maelezo yake, yeye hufikiri kwa picha. Ukimtajia mnara wa kanisa, hapati mnara wa jumla. Anapata minara mahususi aliyowahi kuiona, mmoja baada ya mwingine. Zamani alidhani kila mwenye usonji anafikiri hivyo. Baadaye akatambua kwamba wapo wanaofikiri kwa ruwaza, yaani mipangilio inayojirudia, wanaofaa hesabu na muziki, na wapo wanaofikiri kwa maneno. Hata yeye, kwa hiyo, si kipimo cha wenzake.

Mtu wa pili si maarufu kwa uvumbuzi wowote, lakini kwangu mafanikio yake hayapungui ya Grandin. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore alichapisha makala kuhusu watoto 11 aliowaona wana hali moja isiyo na maelezo, ndiyo hii tunayoiita usonji. Wa kwanza katika orodha aliitwa Donald T. Huyo alikuwa Donald Triplett wa mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, aliyezaliwa mwaka 1933. Kabla hajafikisha miaka minne alipelekwa kwenye taasisi kwa agizo la daktari, na mwaka uliofuata wazazi wake wakaenda kumtoa.

Baadaye walimweka kwa mkulima na mkewe, si mbali na mji. Kanner alikwenda kuwatembelea mwaka 1945 na kuandika alichokiona. Donald alikuwa na kichaa cha kupima vitu, basi wakamchimbisha kisima na kumtaka awape taarifa ya kina chake. Alikuwa akihesabu mistari ya mahindi tena na tena, wakampa jembe la farasi ahesabu huku akilima. Kanner alimwona akilima mistari mirefu sita na kumgeuza farasi bila shida. Alikuwa akiokota ndege na wadudu waliokufa, wakamtengea eneo la makaburi. Kila kaburi aliliwekea kibao chenye majina matatu: jina la kwanza, aina ya mdudu au ndege, kisha jina la ukoo wa yule mkulima.

Sijasoma mahali pengine popote maelezo bora zaidi ya namna ya kuishi na mtoto mwenye usonji. Wakulima wale hawakuwa wataalamu. Hawakumkataza kuhesabu. Walimpa cha kuhesabu chenye manufaa.

Donald alihitimu Chuo cha Millsaps mwaka 1958, akafanya kazi katika benki ya mji wao, akajifunza kuendesha gari, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi peke yake. Alizoea kumpachika mtu namba yake, kama jina la utani, na waliopewa walizikumbuka. Alifariki Juni 2023, akiwa na miaka 89. Ni haki kusema kwamba familia yake ilikuwa na mali, mama yake akitoka katika ukoo wenye benki hiyo, na kwamba walikuwa Wazungu katika Mississippi ya ubaguzi. Mtoto maskini au mweusi wa mji uleule asingepewa nafasi hiyo. Lakini pia ni kweli kwamba wanafunzi wenzake na majirani walimkubali alivyo, na hilo halikuhitaji fedha.

Wengi wakisikia usonji na vipaji humfikiria mtu kama Stephen Wiltshire. Huyu alizaliwa London mwaka 1974, wazazi wake wakitoka Karibiani. Hakuwa akisema, ila alichora bila kuchoka. Walimu wake walificha vifaa vya kuchorea ili aombe, na neno lake la kwanza likawa "karatasi". Mwaka 2005 alirushwa kwa helikopta juu ya Tokyo kwa muda mfupi, kisha akachora jiji lote kwa kumbukumbu kwenye turubai la mita 10, jengo kwa jengo. Kipaji cha namna hii kipo kwa wachache tu. Mzazi asikae akingoja kwamba mwanawe lazima awe nacho, wala asimwone mtoto asiye nacho kuwa amepungukiwa mara mbili.

Wanawake na wasichana mara nyingi hugunduliwa wakiwa wamechelewa sana, kwa sababu wengi hujifunza kuiga wenzao na kuficha uchovu wao. Mwimbaji Susan Boyle wa Scotland, aliyeushangaza ulimwengu katika shindano la vipaji la televisheni mwaka 2009, aliambiwa tangu utotoni kwamba ubongo wake uliharibika wakati wa kuzaliwa. Mwaka 2013 alitangaza kwamba mtaalamu amemwambia ana Asperger, na akaeleza kuwa ni faraja kujua. Alikuwa amevuka miaka 50. Greta Thunberg wa Sweden yeye alijua mapema, na amesema wazi kwamba kuliona jambo bila kuzungukazunguka ndiko kulikomfanya aketi nje ya bunge Agosti 2018, akiwa na miaka 15, kudai hatua juu ya hali ya hewa.

Utakutana pia na orodha zinazomtaja Einstein, Newton na Mozart. Hakuna daktari aliyewachunguza kwa usonji. Walikufa kabla hali hiyo haijapewa maana yake ya leo au kabla haijaeleweka vizuri. Kuchelewa kusema na kupenda upweke havitoshi. Tuna watu walio hai, wanaojieleza wenyewe kwa vinywa vyao au kwa vidole vyao, na hao wanatosha.

Mmoja wao ni Jason Arday, mtoto wa wazazi kutoka Ghana, aliyekulia Clapham, London. Aligunduliwa kuwa na usonji akiwa na miaka mitatu. Alianza kusema akiwa na miaka 11, na kusoma na kuandika akiwa na 18. Mwaka 2023, akiwa na miaka 37, akawa profesa wa sosholojia ya elimu katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Kati ya 18 na 37 palikuwa na rafiki na mwalimu aliyemfundisha kusoma kwa subira, na mama aliyemtafutia kila njia.

Mwingine ni Jordyn Zimmerman wa Marekani, ambaye hasemi kwa sauti. Kwa miaka mingi shuleni walimhesabu kama mtu asiyeweza kujifunza. Alipofikia miaka 18 alipewa tableti yenye programu inayogeuza maandishi kuwa sauti. Akasoma sera ya elimu katika Chuo Kikuu cha Ohio, akapata shahada ya uzamili Boston College mwaka 2021, na sasa kazi yake ni kutetea haki ya wasiosema kupewa njia ya kuwasiliana.

Wazazi wengi wa kwetu huogopa kwamba mtoto akizoeshwa kadi za picha au simu inayosoma maandishi atakuwa mvivu wa kusema. Mapitio ya tafiti yameonyesha kwamba vifaa hivyo havizuii usemi, na watoto wengine huongeza maneno baada ya kuvipata. Tableti si lazima. Kadi unaweza kuzikata kwenye boksi la sabuni na kuzichora kwa kalamu: maji, choo, naumwa, kelele, bado, sitaki. "Sitaki" isikosekane, hata kama ndiyo atakayokuonyesha kila siku.