Usingoje apu iishe ndo uwaonyeshe watu

Watengenezaji wengi hapa Kampala wanaamini apu ya kurekodi matumizi ya biashara lazima ikamilike kwanza, iwe na ripoti na grafu na kila kitu, ndo uombe maoni. Si kweli kabisa. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima kama programu ni rahisi kutumia, alishaeleza mwaka 2000 kwamba watu 5 tu wakijaribu, wanafichua karibu asilimia 85 ya zile sehemu mtu anakwama, na hao 5 unawapata kwenye mtaa wa maduka wa Kikuubo asubuhi moja.

Ila usimuulize mama mwenye duka kama ameipenda, atasema nzuri sana kwa heshima tu, mpe simu aingize matumizi ya jana mwenyewe we nyamaza uangalie, hapo utaona anatafuta pa kuweka nauli ya boda isiyo na risiti, anauliza ile kodi ya asilimia 0.5 ya kutoa pesa kwenye mobile money inaingia wapi, na bando ikiisha je?

Kuanzia, hata skrini zilizochorwa kwenye karatasi zinatosha. Na muombe akufungulie daftari lake, mi naona humo ndo kuna mambo yote, madeni, mishahara ya siku, chai ya wapakuzi.