Peleka sindano kwa uzi

Mtu akishindwa kutunga sindano, cha kwanza kulaumiwa ni macho. Miwani inatafutwa, taa inawashwa, mtoto anaitwa aje asaidie. Mimi hutazama ncha ya uzi kwanza, na mara nyingi kosa liko hapo: imekatwa kwa meno au kwa mkasi butu, nayo imechanua kama ufagio. Kata upya kwa mkasi mkali, mshazari.

Kulamba je? Sote tunalamba, sitajifanya mtakatifu. Ila uzi wa pamba hunywa maji ukavimba, kwa hiyo ukishalamba ikamue ncha katikati ya kucha mbili mpaka iwe bapa. Tundu la sindano nyingi ni refu kuliko lilivyo pana, na ncha bapa hulifuata vizuri. Mimi napenda nta ya nyuki kuliko mate: pitisha ncha juu yake mara moja tu, nyuzinyuzi zinalala. Tena mate yakiachwa kwenye chuma yanaleta kutu.

Sasa mkono. Wengi hulenga tundu kwa uzi unaoning'inia sentimita tatu nje ya vidole. Uzi hauna mfupa. Ukigusa chuma tu unapinda. Fanya kinyume: ubane kati ya kidole gumba na cha shahada hadi ncha ionekane kwa shida, kama nukta, kisha lete tundu juu yake na usukume sindano. Uzi hauna pa kupindia, maana vidole vimeusindikiza hadi mlangoni. Ikikataa, geuza sindano. Huenda upande wa pili wa tundu ni laini zaidi. Uzi mweusi, weka karatasi nyeupe nyuma yake.

Wakati mwingine kosa ni la namba. Kwenye sindano za mkono, namba 10 ni nyembamba kuliko namba 5. Za cherehani ni kinyume: 90 ni nene kuliko 70. Aliyezoea cherehani huchukua namba kubwa akitarajia tundu kubwa, kisha anashangaa. Uzi wa sufu usiuchokonoe kabisa: ukunje juu ya sindano, uvute ukaze, bana mkunjo, chomoa sindano, halafu sukumia tundu kwenye mkunjo huo.

Nilipokuwa najifunza nilikata uzi wa pima nzima ili nisitunge mara kwa mara. Nilitumia muda mwingi nikifungua mafundo kuliko kushona. Sasa napima kutoka ncha za vidole hadi kiwiko, kama sentimita 45, naacha mkia wa sentimita 10 hivi, na kila baada ya mishono michache nausogeza kidogo ili tundu lisiutafune uzi mahali pamoja.