Maana ya albamu ya vibao bora: mfano wa Brooks & Dunn

Albamu ya vibao bora ni mkusanyiko wa nyimbo ambazo msanii alikwishazitoa kwenye albamu zake za nyuma, zikavuma, kisha kampuni ya kurekodi ikazikusanya na kuziuza upya zikiwa pamoja. Asiyemjua msanii huyo hupata kwa mkupuo mmoja kile ambacho mashabiki wake wa tangu zamani walikinunua kidogo kidogo kwa miaka. La kujiuliza ni nani anayechagua nyimbo hizo, na anatumia kipimo gani.

Mfano ninaoupenda ni The Greatest Hits Collection ya Brooks & Dunn, iliyotoka Septemba 1997 chini ya kampuni ya kurekodi ya Arista Nashville. Hawa ni wanaume wawili wa muziki wa kantri wa Marekani, muziki ambao Wakenya hawahitaji kutambulishwa: Jim Reeves, Don Williams na Kenny Rogers wamepigwa redioni huko miaka nenda miaka rudi, na Sir Elvis Otieno amejijengea jina kwa kuuimba jukwaani.

Kix Brooks alitoka Louisiana, Ronnie Dunn akatoka Texas. Hawakukua pamoja wala hawakuwa ndugu. Kila mmoja alifika Nashville, jiji la Marekani ambalo ndilo kitovu cha muziki wa kantri, akitafuta njia yake mwenyewe ya kuwa mwimbaji. Aliyewakutanisha ni Tim DuBois, mkuu wa Arista Nashville, ambaye kwanza aliwataka watunge nyimbo pamoja, halafu alipozisikia akawashauri wawe kundi. Albamu yao ya kwanza, Brand New Man, ikatoka 1991, na singo zake nne za mwanzo, yaani nyimbo zilizotolewa mojamoja kwa ajili ya redio, zote zikashika namba moja kwenye chati ya kantri ya Billboard, jarida la muziki la Marekani. Kufika 1997 walikuwa na albamu nne, na kampuni ikaona wakati wa kukusanya umewadia.

Sasa turudi kwenye kipimo. Kwa kantri ya miaka ya 1990, kibao kilikuwa ni wimbo uliopigwa sana redioni. Kampuni ilichagua wimbo mmoja kutoka kwenye albamu, ikausambaza kwa vituo kama singo, na kuanzia 1990 chati ya Billboard ilipangwa kwa kutumia mitambo iliyosikiliza matangazo na kuhesabu kila wimbo umepigwa mara ngapi. Wimbo ambao haukuteuliwa kuwa singo ulikuwa na nafasi finyu mno ya kuingia kwenye mkusanyiko, hata uwe mtamu namna gani. Kwa hiyo nyimbo za albamu ya vibao bora zimepita kwenye chekeche mara mbili: kwanza la kampuni, kisha la watangazaji. Msikilizaji wa nyumbani anakuja mwishoni kabisa.

Hata hivyo, si kila kibao kilizaliwa kwa mahesabu hayo. Boot Scootin' Boogie ni utunzi wa Dunn, na waliotangulia kuurekodi ni kundi la Asleep at the Wheel. Brooks & Dunn walipoutoa kama singo mwaka 1992, ukaangukia mikononi mwa wachezaji dansi. Kwenye kumbi za kantri watu hujipanga safu safu bila kushikana, wote wanaelekea upande mmoja, wanapiga hatua zilezile kwa pamoja na kugeuka pamoja. Wimbo huu ulikuwa na mwendo unaofaa kabisa kwa uchezaji huo, nao ukausaidia kuenea Marekani nzima. Ukiusikia ndani ya mkusanyiko, katikati ya nyimbo za majonzi, unaelewa kwa nini wawili hawa walijaza viwanja: waliweza kukuliza na kukuchezesha usiku mmoja.

Kwa upande wa kuliza, sikiliza Neon Moon. Mwanamume ameachwa. Jua likizama, upweke unambishia hodi, naye anakwenda kwenye baa iliyochakaa ng'ambo ya reli, anakaa peke yake kwenye meza ya watu wawili huko nyuma kabisa. Dunn anaimba taratibu, hapigi kelele popote, na hapo ndipo uchungu unapoingia. Kwangu mimi huu ndio wimbo wao mkubwa kuliko yote.

Lakini angalia ni sauti ya nani inayotawala. Kundi ni la watu wawili, ila vibao vikubwa karibu vyote vimeongozwa na Dunn. Brooks aliongoza nyimbo nyingi kwenye albamu za kawaida, na Lost and Found, singo aliyoiongoza, ilifika namba 6. Hiyo ni nafasi nzuri, ila singo nyingine nne za Brand New Man zilishika namba moja. Redio ilipochagua sauti moja, mkusanyiko ukafuata. Anayewajua kwa vibao tu anaweza kudhani Brooks alikuwa msindikizaji, ilhali alikuwa mtunzi mwenzake, mpiga gita, na yule aliyekuwa akirukaruka jukwaani kuamsha umati. Hilo ndilo pungufu kubwa la albamu za namna hii, na kwa makundi ya wawili linauma zaidi.

Jambo jingine ni nyimbo mpya. Mkusanyiko huu wa 1997 una nyimbo 19, na tatu kati ya hizo hazikuwahi kutoka kabla. Shabiki mwenye albamu zote nne hana sababu ya kununua asichokikosa, hivyo anawekewa kitu kipya. Mbinu ni ya kibiashara, lakini nyimbo zenyewe hazikuwa za kujazia: Honky Tonk Truth ilifika namba 3, He's Got You ikafika namba 2. Mkusanyiko wa pili wa 2004 ulifanya vivyo hivyo, na It's Getting Better All the Time, mojawapo ya nyimbo zake mpya, ikashika namba moja.

Mwaka 2019 walikuja na Reboot, ambamo waliviimba upya vibao vyao pamoja na wasanii wa kizazi kilichofuata: Luke Combs kwenye Brand New Man, Kacey Musgraves kwenye Neon Moon, Thomas Rhett kwenye My Maria. Safari hii rekodi za zamani hazikuhamishwa tu, nyimbo zilirudi studio. Mwaka huohuo waliingizwa kwenye Country Music Hall of Fame, ukumbi wa heshima wa magwiji wa kantri.

Mgeni wa kundi hili aanze na mkusanyiko wa 1997, kisha arudi nyuma hadi Brand New Man na kuisikiliza yote, pamoja na nyimbo ambazo redio haikuzichukua.