Mwenye simu ana njaa gani?

Wiki hii nimeulizwa tena, na safari hii aliyeuliza ni mjomba wangu, mtu mzima ninayemheshimu. Tulikuwa barazani baada ya chakula cha usiku. Akanionyesha video aliyorushiwa: kijana wa Gaza amekaa mbele ya hema, anaomba msaada wa kununua unga. "Mwanangu, huyu ana simu ya kupangusa, ana bando, anajirekodi vizuri kabisa. Mwenye simu ana njaa gani?"

Kazi yangu ni misaada ya fedha kwa watu waliokimbia vita, na ni mwaka wa 12 sasa. Tangu mwisho wa 2023 ndugu, majirani, watu wa msikitini na wa kanisani wamekuwa wakinitumia maombi ya familia za Kipalestina niwaangalizie kama ni ya kweli. Wengi huanza na swali la simu, na limenichosha. Leo nalijibu kwa kirefu. Mengine nitayapitia haraka.

Dhana: Mwenye simu na bando hawezi kuwa na njaa

Simu ile aliinunua kabla ya vita. Anayelala kwenye hema huko al-Mawasi, ufukweni kusini mwa Gaza, mwanzoni mwa Oktoba 2023 alikuwa mwalimu, fundi umeme, muuza duka la dawa, mwanafunzi wa chuo kikuu. Alikuwa na sebule, jiko la gesi, mashine ya kufulia. Tarehe 7 Oktoba Hamas ilishambulia Israel, watu wapatao 1,200 wakauawa na 251 wakachukuliwa mateka. Mabomu ya Israel yakaanza kuanguka Gaza siku hiyo hiyo, na tarehe 13 ikatoka amri kwamba watu milioni 1.1 wa kaskazini wahamie kusini ndani ya saa 24. Wewe ukipewa saa 24 utabeba nini? Watoto, vitambulisho, magodoro kama umepata usafiri. Na simu, kwa sababu tayari iko mfukoni.

"Si aiuze basi?" Mjomba aliniuliza na hilo pia. Haya, tupige hesabu. Tarehe 2 Machi 2025 Israel ilifunga njia zote za kuingiza bidhaa, na kwa majuma 11 hakikuingia chakula, dawa wala mafuta. Kufikia katikati ya mwaka mfuko wa unga wa kilo 25 ulikuwa ukiuzwa mamia ya dola. Simu iliyotumika miaka minne, kioo kimepasuka, haikupi mfuko mmoja. Hata ingekupa, familia ya watu saba wakila robo kilo kila mmoja kwa siku wanaumaliza kwa wiki mbili. Wiki ya tatu hawana unga na hawana simu.

Na asiye na simu Gaza yuko katika hatari kubwa zaidi kuliko mwenzake aliye nayo. Desemba 2023 jeshi la Israel lilitoa ramani iliyoikata Gaza nzima katika mamia ya vipande vyenye namba, likadondosha vipeperushi vyenye msimbo wa QR. Tangu hapo amri ya kuhama hutolewa kwa namba: kipande fulani na fulani waondoke. Ili ujue kama umetajwa lazima ufungue ramani kwenye simu. Kuna familia zimehama mara 10 na zaidi kwa mtindo huo. Mjomba anaiona simu kama anasa. Kwa baba mwenye watoto watano, simu ndiyo inayomwambia kama usiku huu walale au waanze kutembea.

Halafu kuna pesa yenyewe, na hapa ndipo ninapokosa uvumilivu, maana sisi Waafrika Mashariki ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Bibi kijijini hana umeme, hana dawa ya presha, lakini ana laini, kwa sababu mtoto wa mjini anamtumia hela kwa laini hiyo. Kakuma, nchini Kenya, tangu 2015 wakimbizi walipokea sehemu ya posho ya chakula kupitia laini ya simu, kwenye mpango ulioitwa Bamba Chakula. Sikuwahi kusikia mtu akisema kwamba mkimbizi wa Kakuma ameshiba kwa sababu ana laini. Gaza mambo ni hayo hayo. Matawi ya benki yalibomolewa au yakafungwa, mashine za kutolea pesa zikafa, na misaada ya fedha inayotolewa na UNICEF na wengine huingia kwenye pochi ya simu. Huna simu, hupokei.

Kuipokea ni nusu ya safari. Kwa muda wote wa vita hazikuruhusiwa noti mpya za shekeli, sarafu ya Israel inayotumika huko, kuingia Gaza. Zilizokuwamo ndizo zinazozunguka mpaka leo, zimelainika kama kitambaa, zimechanika, na muuza duka anakurudishia noti iliyounganishwa kwa utepe. Kuna watu kazi yao sasa ni kukarabati noti: meza ndogo kando ya njia, gundi, wembe, mkono usiotetemeka. Ukitaka kugeuza salio la kwenye simu kuwa noti unakwenda kwa mtu mwenye noti, na mwaka 2025 makato yake yalifika asilimia 40. Sisi tunalalamika wakala akitukata shilingi elfu mbili. Yule ulimtumia dola 100, mkononi akashika 60, na sokoni unga ulikuwa umepanda bei kama nilivyosema. Kwa hiyo nawasihi wote wanaotuma: kabla ya kutuma muulize mpokeaji atanunuaje. Wapo wauzaji wanaopokea malipo moja kwa moja kutoka kwenye pochi ya simu. Bei yao mara nyingi iko juu kidogo, lakini si kama kupoteza dola 40 kwa mpigo.

Na hilo "bando" mnaloliona? Umeme wa gridi ulikatika Oktoba 2023 na mtambo pekee wa kuzalisha umeme ukazimika tarehe 11 mwezi huo kwa kukosa mafuta. Mwaka jana nilikuwa nahakiki ombi la mama mmoja mwenye watoto wanne. Nilimwomba anipigie kwa video, akaniambia nisubiri mpaka mchana. Alipopiga alikuwa kwenye kituo cha kuchajia, mtu ametandaza paneli za sola juu ya banda, na chini yake kuna ubao umepangwa simu kama 30, kila moja imebandikwa kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe. Analipa kwa kila chaji. Mtandao anaupata kwa eSIM, yaani laini isiyo na kadi, na ili ishike inambidi atembee hadi mahali palipoinuka. Laini hizo wengi walichangiwa na watu wa nje. Mwandishi wa Misri Mirna El Helbawi ndiye aliyeanza kuzikusanya mwishoni mwa 2023. Kwa hiyo dakika tatu za video anazorusha kijana yule wa kwenye video ya mjomba zimemgharimu nusu siku.

Tarehe 22 Agosti 2025 wataalamu wa IPC, ambao ndio hupima njaa duniani kwa vigezo vya pamoja, walithibitisha baa la njaa katika Mkoa wa Gaza, ule wenye Jiji la Gaza. Zaidi ya watu nusu milioni walikuwa katika daraja la mwisho kabisa, lile la maafa. Simu walikuwa nazo.

Dhana: Mchango umefunguliwa na mtu wa Ubelgiji, kwa hiyo ni utapeli

GoFundMe, mtandao ambako wengi hufungua michango hii, hailipi kwenye akaunti za Palestina. Mtu wa Gaza hawezi kuutoa mchango wake mwenyewe, lazima apate mtu mwenye akaunti ya benki katika nchi inayokubaliwa: binamu aliyeko Ulaya, aliyesoma naye, wakati mwingine mgeni aliyejitolea. Jina la kigeni ni jambo la kawaida. La kuuliza ni je, huyu wa Ulaya na yule wa Gaza wanafahamianaje, na pesa zinavukaje.

Matapeli wapo, sitaficha. Wanaiba picha na kubadilisha majina. Lakini wanakamatika kwa mambo madogo: mwombaji hakubali kupiga kwa video hata umpe wiki nzima, picha yake hiyo hiyo iko kwenye maombi matatu yenye majina tofauti, hajui kipande alichopo wala soko la karibu linaitwaje.

Ila kuna jambo moja naomba mliache. Msimwombe mzazi apige picha ya mtoto wake akilia, akionyesha mbavu, ili mwamini. Nimeona ujumbe wa namna hiyo kutoka kwa watu wema kabisa, wanaosali. Mimi naomba mama anionyeshe lango la hema, au karatasi ya usajili wa msaada huku akifunika namba kwa kidole. Inatosha. Mtoto mwacheni.

Dhana: Anaomba dola 20,000, huyo anataka utajiri

Hadi Mei 2024, aliyetaka kuvuka mpaka wa Rafah kuingia Misri alilipa kampuni moja ya huko takriban dola 5,000 kwa mtu mzima na 2,500 kwa mtoto. Baba, mama na watoto wanne ni 20,000 kamili. Ndiyo maana tarakimu hiyo na zinazoikaribia mnaziona sana. Mwanzoni mwa Mei 2024 Israel iliuteka upande wa Kipalestina wa kivuko hicho, njia ikafungwa, na lengo la mchango likabaki limeandikwa vile vile huku pesa zikiishia kwenye unga, turubai na nauli. Na nauli si utani: Septemba 2025, watu walipoamriwa kuondoka Jiji la Gaza, kukodi lori la kubeba familia kusini kulifikia mamia ya dola, wengine walitajiwa zaidi ya 1,000. Wasioweza walitembea.

Wanaosema "wangehamia tu Misri" wasome tena aya hiyo.

Dhana: Mtoto mwenyewe amenona

Aliyewahi kufanya kazi wodi ya watoto popote Tanzania au Kongo anaujua unyafuzi. Uso unajaa, miguu inavimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Yale ni maji, si nyama. Huwezi kupima utapiamlo kwa kutazama video, na sitaki kuusikia tena mjadala huu.

Dhana: Umoja wa Mataifa unawalisha

UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Kipalestina, ilianzishwa Desemba 1949 kwa ajili ya Wapalestina waliofukuzwa au kukimbia mwaka 1948, na takriban asilimia 70 ya watu wa Gaza ni hao na vizazi vyao. Yaani anayehamishwa leo babu yake pia alihamishwa. Sheria mbili za Israel dhidi ya shirika hilo zilipitishwa Oktoba 2024 na kuanza kutumika mwisho wa Januari 2025. Tangu Machi mwaka huo halikuruhusiwa kuingiza shehena zake, ingawa lilikuwa na chakula kimekaa kwenye maghala nje ya mpaka. Kuwapo kwa shirika si sawa na kuwapo kwa sahani.

Dhana: Ni vita vya dini, kila mtu asaidie wa kwake

Gaza kuna Wakristo, jamii ndogo ya zamani sana. Kanisa la Mtakatifu Porphyrius lilipigwa tarehe 19 Oktoba 2023 likiwa limejaa waliokimbilia humo, na parokia ya Familia Takatifu ikapigwa Julai 2025. Papa Francis alikuwa akiipigia simu parokia hiyo karibu kila jioni mpaka siku zake za mwisho. Naye alikuwa anawapata kwa simu.

Dhana: Vita vimesimama, sasa hawahitaji

Usitishaji ulianza tarehe 10 Oktoba 2025. Jeshi la Israel likabaki katika zaidi ya nusu ya eneo, kwa hiyo wengi hawakuwa na pa kurudi hata kama ukuta mmoja wa nyumba umesalia. Desemba mvua zikafurika mahemani, magodoro yakalowa, na nguo za baridi hazikutosha. Ukitaka ushauri wangu, na nautoa kila siku: chagua familia moja uliyoihakiki, tuma kidogo kila mwezi, hata dola 15, kuliko kutuma 200 Ramadhani au Krismasi kisha usionekane mwaka mzima. Mwenye uhakika wa 15 anaweza kukopa dukani kwa ahadi hiyo.

Dhana: Akishapata hela hajibu tena

Hili huniletea watu wenye hasira. Dada mmoja alimtumia mzee wa Deir al-Balah, siku nne kimya, akaja kwangu ameshakata shauri kwamba ameibiwa. Nikamuuliza alituma siku gani. Ilikuwa wiki ya mvua. Wingu likitanda siku tatu paneli hazijazi betri, na mwenye kituo cha kuchajia huzihudumia kwanza simu za waliolipa mapema. Nikamwambia asubiri jua litoke. Siku ya sita asubuhi ukaja ujumbe wa sauti, mzee anasema amechukua unga kilo tano na mafuta, na anaomba radhi, zamu yake ya chaji ilifika usiku.