Fleti ya ghorofani sio kununua hewa

Shemeji kauza korosho zake msimu huu akaniambia anataka fleti huku barabara ya Mikindani, maana mji ndo unakokimbilia, lami ipo, daladala zinapita mlangoni. Wazee wa kijiwe cha kahawa wakamvunja moyo palepale, eti ghorofa ya tatu unanunua hewa, ardhi ni ya mwenye jengo, siku likianguka unabaki na funguo mkononi.

Jamani sio kweli. Tangu 2008 Tanzania ina sheria ya umiliki wa sehemu za jengo, fleti moja inatoka na hati yake yenyewe kwa jina lako, unauza, unarithisha, hata benki unaweka ukope, na ngazi, korido, paa na kiwanja chenyewe mnamiliki kwa pamoja kila mtu na fungu lake (ndo maana kuna mchango wa taa na mlinzi, usinune).

Kinachowaliza watu ni kingine kabisa, jengo halijagawanywa kisheria, kwa hiyo hati ni moja tu ya mwenye jengo, pengine iko benki kama dhamana, wewe umeshika mkataba wa mauziano una mhuri wa serikali ya mtaa. Mhuri ule unaonyesha mliuziana, umiliki haukupi.

Tukaenda ofisi ya ardhi na namba ya kiwanja, tukalipia upekuzi, yaani wakuangalizie kwenye daftari lao hati ni ya nani na ina deni gani. Hati ni moja tu ya jengo zima, na mkopo juu yake. Shemeji akarudisha hela zake kwenye mfuko wa rambo, tukapanda bodaboda.