Mwaga mfuko mezani, mama

Mama mmoja mkulima wa zabibu, anatoka upande wa Mpunguzi hapa Dodoma, ndiye aliyenifundisha upya kazi niliyodhani naijua. Nilikuwa nimemhudumia miezi minne kwa goti la kulia. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Nafanyisha mazoezi, napima goti linavyokunja na kunyooka, mgonjwa anaaga. Siku moja muuguzi akampima presha kabla hajaingia kwangu: 178 kwa 104. Mama alishangaa kuliko sisi. "Dawa nameza kila siku, mwanangu. Na juzi tu wameniongezea nyingine."

Nikamwomba amwage mfuko wake mezani. Akafungua fundo la khanga. Zikatoka dawa za presha: losatani, amlodipini, na kidonge cha kukojoza ambacho ndicho alichokuwa ameongezewa. Kwenye kona ya khanga kulikuwa na kibahasha cha duka la dawa, kimekunjwa mara mbili. Ndani yake, diklofenaki, dawa ya maumivu. Alikuwa anameza asubuhi na jioni, tangu kabla ya msimu wa mavuno.

"Hizo sikuzitaja," akasema, "maana hizo ni za goti tu."

Ile "za goti tu" ndiyo iliyonifanya niandike leo. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao hazijui njia ya kwenda kwenye goti peke yake. Zinazuia kemikali zinazoleta maumivu, lakini kemikali hizo hizo ndizo zinazosaidia figo kupata damu ya kutosha na kutoa chumvi. Ukizizuia, mwili unabaki na chumvi na maji, presha inapanda, na dawa kama losatani pamoja na za kukojoza zinapungua nguvu. Mtu akimeza zote tatu kwa pamoja, losatani, ya kukojoza na diklofenaki, figo ndizo zinazobeba mzigo, hasa kama ni mzee, au amefanya kazi juani kutwa bila maji, jambo ambalo hapa Dodoma halihitaji maelezo. Ongeza vidonda vya tumbo na hatari ya moyo. Kwa hiyo kila alipoongezewa dawa ya presha, tulikuwa tunatia maji kwenye pakacha. Na kosa lilikuwa langu pia: miezi minne nilimuuliza habari za goti, sikumuuliza anameza nini.

Nilimrudisha kwa daktari siku hiyo hiyo. Diklofenaki ya kumeza ikasimamishwa, akapewa ya kupaka. Ya kupaka huingia kwenye damu kidogo sana, na kwa goti, ambalo halijajificha ndani kama nyonga, inasaidia kweli. Wagonjwa wengi huidharau kwa sababu haina uchungu mdomoni.

Sasa, kwa nini goti, presha na sukari vinakutana kwa mtu yule yule? Umri ni sababu mojawapo, na wanawake waliopita miaka 50 ndio wengi kwenye benchi langu. Uzito ni sababu nyingine. Ukipunguza kilo 1, kila hatua unayopiga goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo 4. Lakini uzito si suala la kubeba tu. Watu wanene huumwa zaidi hata viungo vya vidole vya mikono, na hakuna anayetembelea vidole vya mikono. Mafuta ya mwilini, hasa ya tumboni, yanatoa kemikali zinazochochea uvimbe wa ndani kwa ndani, na gegedu ya goti, ile nyama ngumu laini inayofunika ncha za mifupa, inazipata kama sehemu nyingine yoyote.

Sukari ina yake. Ikikaa juu kwa miaka, inang'ang'ania kwenye nyuzi za gegedu na kuzifanya ngumu, zisizonyumbulika. Inaharibu pia mishipa ya fahamu ya miguuni, mtu anakanyaga bila kuhisi vizuri anakanyaga wapi. Ndiyo maana mgonjwa wa sukari akija na goti, mimi naanza na nyayo. Navua katambuga, naangalia katikati ya vidole, ndipo napanda juu. Na akishauriwa sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kwenye goti, aambiwe mapema kwamba sukari inaweza kupanda kwa siku kadhaa, hata wiki. Nimemwona mzee aliyekuja mbio akidhani kifaa chake cha kupimia kimeharibika.

Nitoke nje ya mada kidogo. Kila wiki naulizwa kuhusu mlenda, bamia na supu ya makongoro, kwamba vinarudisha ute wa goti. Mlenda kula, ni mboga nzuri na sisi wa huku hatuhitaji kubembelezwa. Lakini utelezi wake unaishia tumboni, unasagwa kama chakula kingine. Makongoro yenye chumvi nyingi kila asubuhi kwa mtu wa presha, hapo mimi na mpishi tunakosana.

Kinachonisumbua zaidi ni mzunguko. Goti linauma, mtu anaacha kutembea. Akiacha kutembea sukari inapanda, uzito unapanda, misuli ya paja inanyauka, na goti linabaki bila mlinzi. Halafu kliniki ya sukari inamwambia "tembea", naye anaitikia tu kwa heshima.

Kwa hiyo hatuanzi na kutembea. Tunaanza na kiti. Kaa, simama bila kushika, kaa polepole, mara 8 au 10, kiti kiegemee ukuta. Kikiwa kifupi mno, weka mto juu yake. Wiki mbili tatu baadaye ndipo dakika 10 za kutembea baada ya kula, mara mbili au tatu kwa siku. Baada ya kula ndipo sukari inapotaka kupanda, na anayetumia insulini au glibenklamaidi, dawa zinazoweza kushusha sukari kupita kiasi, yuko salama zaidi kuliko akitoka na njaa. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si goti kuharibika. Goti likiwa jekundu, la moto, limevimba ghafla na homa juu, hilo si la mazoezi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mama wa Mpunguzi goti lake bado linakaza asubuhi, na kwenye choo cha kuchuchumaa amewekewa fito ukutani ya kushika. Presha ya mwisho ilikuwa 138 kwa 84. Siku hiyo alikuja na jirani yake, mfuko wa rambo mkononi, vidonge vichache juu. Kabla sijafungua mdomo, mama akamgeukia: "Mwaga vyote, dada. Na ile chupa isiyo na jina."

Jirani akaangalia mlango, kisha akaitoa kwenye kifundo cha khanga.