Kocha Akikalia Kuti Kavu: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Tetesi za Kutimuliwa

Timu ikipoteza mechi tatu mfululizo, tetesi huanza usiku huohuo: kikao kimeitwa, mrithi ameshapatikana, taarifa inatoka asubuhi. Mashabiki wanagawanyika, hawa wanasherehekea, wale wanailaani bodi, na mara nyingi kunakucha kocha yupo mazoezini kama kawaida. Wengi hupotea kwa sababu wanazisoma tetesi kwa jicho la matokeo tu. Uamuzi wa kumwondoa kocha hupimwa pia kwa mkataba, fidia, tarehe, na nani yuko tayari kushika nafasi. Manchester United imetimua makocha wengi tangu Alex Ferguson astaafu mwaka 2013, kwa hiyo mifano mingi hapa inatoka Old Trafford, uwanja wa klabu hiyo.

Dhana: "Juzi tu kaongezewa mkataba, hawawezi kumgusa"

Wanaweza, na wamefanya hivyo tena na tena. José Mourinho aliongezewa mkataba Januari 2018, akatimuliwa tarehe 18 Desemba mwaka huohuo. Ole Gunnar Solskjaer alisaini Julai 2021 mpaka 2024, na tarehe 21 Novemba kibarua kikaota nyasi baada ya kipigo cha 4-1 kwa Watford. Erik ten Hag alirefushiwa mpaka Juni 2026. Tangazo lilitoka tarehe 4 Julai 2024, na tarehe 28 Oktoba alikuwa ameshaondoka.

Klabu huongeza mkataba kwa sababu zake. Kocha akibakiza mwaka mmoja, wachezaji wanaanza kuhesabu kwamba msimu ujao huenda asiwepo, na mchezaji anayetakiwa kusajiliwa anauliza atafundishwa na nani. Saini mpya hutuliza hayo. Kinachoongezeka ni bei ya kumwondoa, basi. Kwa Ten Hag na wasaidizi wake, hesabu za klabu zilionyesha pauni milioni 10.4. Kwa Mourinho na benchi lake ilikuwa milioni 19.6. Chelsea walitumia milioni 26.6 kuachana na Antonio Conte na wasaidizi wake, gharama za kisheria zikiwemo. Ni fedha nyingi, lakini United hiyohiyo ilimnunua mchezaji Antony peke yake kwa zaidi ya pauni milioni 80. Klabu inayoogopa kukosa Ligi ya Mabingwa haitashindwa na fidia ya kocha.

Dhana: "Akifukuzwa anakabidhiwa mshahara wote uliobaki"

Inategemea mkataba umeandikwaje. Mikataba mingi ya makocha wakubwa ina ukomo wa fidia, kwa mfano mshahara wa miezi 12 hata kama imebaki miaka mitatu. Mingine inaishusha fidia timu ikikosa lengo lililotajwa. Fidia pia inaweza kulipwa kwa awamu, na kocha akipata kazi mpya kabla awamu hazijaisha, mshahara mpya unapunguza deni la klabu ya zamani. Ndiyo sababu kocha aliyetimuliwa anaweza kukaa nje miezi kadhaa bila haraka. Italia utamkuta kocha aliyeondolewa Novemba akirudishwa klabu ileile Machi, kwa kuwa alikuwa bado anakula mshahara wao.

Kwa kocha wa kigeni na klabu ya nchi nyingine kuna kanuni za FIFA, na hapa mashabiki wa Tanzania na Kenya wanahusika moja kwa moja. Mkataba ukivunjwa bila sababu ya haki na haukutaja kiasi cha fidia, msingi wa hesabu ni thamani ya muda uliobaki, ukitoa anachopata kwenye kazi mpya. Klabu ikiamriwa kulipa isilipe ndani ya siku 45, inaweza kufungiwa kusajili wachezaji kwa hadi madirisha matatu mfululizo. Kocha naye, asipolipwa mishahara ya miezi miwili, anaweza kuipa klabu notisi ya maandishi ya siku 15 na kisha kuvunja mkataba yeye mwenyewe. Kwa hiyo shabiki anayepiga kelele "afukuzwe leo" aulize kwanza kama klabu ina fedha za kumlipa, maana deni hilo linaweza kurudi dirisha la usajili likifunguliwa.

Dhana: "Bodi imesema ina imani naye, kwa hiyo kesho anaondoka"

Huu ni utani wa siku nyingi, na una mfano wake mkubwa. Tarehe 7 Februari 2017 Leicester City ilitoa taarifa kwamba inamuunga mkono Claudio Ranieri bila kuyumba. Siku 16 baadaye ikamtimua, miezi tisa baada ya kuwapa ubingwa wa England. Lakini upande wa pili upo pia. Kabla ya mechi ya tarehe 26 Desemba 2020, Arsenal ya Mikel Arteta ilikuwa ya 15 ikiwa na pointi 14 katika mechi 14. Uongozi ulisema unabaki naye, na kweli ukabaki naye. Siku hiyo Arsenal iliifunga Chelsea 3-1.

Taarifa ya imani peke yake haikuambii kitu. Angalia kinachofuata: je, kocha anashirikishwa katika usajili wa dirisha linalokuja? Je, msaidizi aliyeondoka amepatiwa mbadala? Kocha anayesubiriwa aondoke hapewi mtu mpya wa benchi.

Dhana: "Kelele zetu ndizo zilizomwondoa"

Tarehe 29 Machi 2014 ndege ndogo ilipita juu ya Old Trafford ikivuta bango la kutaka David Moyes, kocha wa United wakati huo, aondoke. Mashabiki waliokuwa uwanjani waliizomea ndege hiyo, na United ikaifunga Aston Villa 4-1. Moyes aliondolewa tarehe 22 Aprili, siku mbili baada ya kufungwa 2-0 na Everton. Kipigo hicho kilifuta kabisa hesabu ya kuingia Ligi ya Mabingwa, na vyombo vya habari viliripoti kwamba kuikosa nafasi hiyo kulipunguza fidia yake. Ukiitazama kalenda, tarehe inaelezwa na hesabu hiyo kuliko na bango.

Ferguson mwenyewe alinyanyuliwa bango Desemba 1989. Alibaki, na Mei 1990 akabeba Kombe la FA.

Mashabiki wana nguvu, tena kubwa, ila inapita njia nyingine: viti vitupu, tiketi za msimu zisizolipiwa upya, wadhamini kuanza kuuliza maswali. Matusi kwa familia ya kocha mtandaoni hayamo katika hesabu ya bodi yoyote. Yanamuumiza mtu bure, na yanapaswa kukoma.

Dhana: "Watamtimua kwenye mapumziko ya kalenda ya FIFA"

Hapo ligi husimama kupisha mechi za timu za taifa. Kwa nadharia ndio wakati mzuri, kwa sababu mrithi anapata karibu wiki mbili za mazoezi. Oktoba 2024 kila mtu aliliamini hilo. Viongozi wa United walikutana London tarehe 8 Oktoba, katikati ya mapumziko, na Ten Hag akabaki. Akaifunga Brentford 2-1, akatoka sare 1-1 na Fenerbahçe, akafungwa 2-1 na West Ham tarehe 27. Kesho yake, Jumatatu, akaondolewa timu ikiwa ya 14, na Jumatano kulikuwa na mechi ya Kombe la Ligi. Ruud van Nistelrooy alishika timu kwa muda, mechi nne, akashinda tatu na kutoka sare moja.

Mwezi kama huo mwaka 2021, baada ya Liverpool kuichapa United 5-0, tetesi zote zilikuwa juu ya Solskjaer. Wiki iliyofuata akaifunga Tottenham 3-0, na aliyefungashiwa virago akawa kocha wa Tottenham, Nuno Espírito Santo.

Dhana: "Kocha mpya akija, timu inafufuka"

Mara nyingi matokeo hupanda, hilo halina ubishi. Kosa ni kumpa kocha mpya sifa zote. Mchumi wa Uholanzi, Bas ter Weel, alichunguza ligi kuu ya nchi hiyo kati ya 1986 na 2004. Alizilinganisha timu zilizomfukuza kocha na zile zilizoporomoka vilevile zikambakiza, na zote zilirudi juu kwa kiwango kinachofanana. Kocha hufukuzwa timu ikiwa chini kabisa ya uwezo wake wa kawaida, mara nyingi majeruhi wakiwa wengi, na kutoka hapo njia rahisi ni kupanda. Solskjaer, aliposhika timu kwa muda baada ya Mourinho, alianza kwa ushindi wa mechi nane mfululizo, akapewa kazi rasmi tarehe 28 Machi 2019, kisha msimu ukaisha United ikiwa ya sita. Ruben Amorim, aliyepokea timu kutoka kwa van Nistelrooy, alimaliza ligi akiwa nafasi ya 15 kwa pointi 42.

Dhana: "Odi zimeshuka, ina maana imeshaamuliwa"

Odi ni viwango vya malipo vya kampuni za kubashiri, na zikishuka ina maana tukio linaonekana karibu zaidi. Lakini soko la "kocha wa kwanza kuondoka" linauliza nani atatangulia, halisemi kwamba fulani ataondoka. Kampuni nyingi huweka ukomo mdogo wa dau katika soko hili, hivyo fedha kidogo tu zinaishusha odi, na mara nyingi zinaifuata tetesi ileile uliyoisoma wewe.

Dhana: "Gazeti kubwa limeandika, imekwisha"

Fainali mbili za Kombe la FA zinatosha. Mwaka 2016 habari za Louis van Gaal kuondolewa United zilitoka jioni ileile aliyobeba kombe, na siku mbili baadaye zikawa kweli. Mwaka 2024 gazeti kubwa la Uingereza liliandika kabla ya fainali kwamba Ten Hag ataondoka hata akishinda. Alishinda 2-1 dhidi ya Manchester City, uongozi ukazungumza na makocha wengine, kisha ukaamua kumbakiza.

Usiku wa tetesi, anza na muda wa chapisho, maana picha za zamani husambazwa upya. Kagua jina la akaunti herufi kwa herufi. Angalia kama waandishi wanaoifuata klabu hiyo kila siku wameandika jambo hilohilo, na kama mkutano wa kocha na wanahabari kabla ya mechi bado upo kwenye ratiba. Halafu fuatilia klabu ya mrithi. Tarehe 29 Oktoba 2024 Sporting ya Ureno, klabu ya Amorim wakati huo, kwa kuwa hisa zake ziko sokoni, iliiarifu mamlaka ya masoko ya mitaji ya Ureno kwamba United iko tayari kulipa euro milioni 10 zilizotajwa katika mkataba wake ili kumchukua. Siku tatu baadaye United ikamtangaza.